Joan Procter na kenge aliyesikia

Katika ukurasa huu wa watu waliotangulia tumezoea kuandika habari za watu wa kwetu: washairi, manahodha, walimu. Safari hii tumemchagua Mwingereza, tena kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba alifanya kazi hapa hapa London, mahali ambapo wengi wenu mmekwisha kupelekwa kutembea. Ya pili ni kwamba mnyama aliyemfanya ajulikane duniani ni wa ukoo wa kenge, na sisi Waswahili tunayo maneno yetu ya tangu zamani kuhusu kenge. Mwanamke huyu, ambaye sidhani kama aliwahi kuyasikia, aliyajibu.

Jina lake kamili ni Joan Beauchamp Procter. Alizaliwa London tarehe 5 Agosti 1897. Baba yake alikuwa mtu wa biashara ya hisa, mama yake alipenda kuchora, na dada yake mkubwa, Chrystabel, alikuja kuwa bingwa wa kutunza bustani za vyuo. Nyumba ilikuwa ya watu wenye nafasi. Watoto waliachiwa kufuata mambo yaliyowavutia, na Joan alivutiwa na wanyama ambao watu wazima wengi huwakimbia: nyoka, mijusi, kobe na vyura. Alipofika miaka kumi alikuwa na nyoka na mijusi kadhaa wa kwake. Mmoja, mjusi mkubwa wa kijani kutoka nchi za Dalmatia, alimpenda hata akawa anakaa naye mezani wakati wa chakula. Wazazi mtajua wenyewe: kwetu mtoto akileta mjusi mezani, mjusi na mtoto wote wangetoka nje.

Alisoma katika shule ya wasichana ya St Paul's, iliyopo Hammersmith mpaka leo. Akiwa na miaka kumi na sita hivi alipata mamba mdogo, na siku moja akampeleka darasani, somo la hesabu. Somo halikuendelea. Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kwa sababu kinachekesha, ila tusisahau kwamba msichana huyo alikuwa mgonjwa. Tangu utotoni alisumbuliwa na maradhi ya tumbo ambayo hayakumwacha. Alilazwa, akapasuliwa, akakaa nyumbani wiki nyingi wakati wenzake wako shuleni. Alikuwa mwanafunzi hodari na njia yake ilionekana kuelekea Chuo Kikuu cha Cambridge, lakini afya ilimzuia. Hakwenda chuo kikuu chochote.

Mlango mwingine ulifunguliwa na mzee mmoja wa Kibelgiji, George Albert Boulenger. Huyu ndiye aliyekuwa mtunzaji wa reptilia na samaki katika makumbusho ya viumbe ya South Kensington, lile jengo kubwa lenye mifupa ya dinosaria, ambalo siku hizo lilikuwa tawi la British Museum. (Reptilia ni jina la jumla la wanyama watambaao wenye magamba: nyoka, mijusi, kenge, mamba, na kobe pia.) Boulenger alikuwa ameeleza na kutaja majina ya aina nyingi za wanyama hawa kuliko karibu mtu yeyote wa zama zake. Alikuwa akipokea barua na maswali ya yule binti, akaona kwamba si mchezo wa kitoto, na mwaka 1916 akamwita aje kumsaidia kazi. Akiwa na miaka kumi na tisa, Joan alisimama mbele ya Jumuiya ya Zoolojia ya London kueleza utafiti wake wa kwanza, uliohusu nyoka wa sumu wa Amerika ya Kati na ya Kusini.

Mwanzoni kazi hiyo ya makumbusho haikuwa na mshahara. Watu wa siku hizi husikia habari kama hiyo wakadhani ilikuwa burudani tu ya binti wa watu wenye uwezo, lakini tazama kilichofuata. Mwaka 1920 Boulenger alistaafu, akarudi kwao Ubelgiji, na umri wake uliobaki akaumalizia kwa kuchunguza mawaridi. Kazi ya reptilia katika makumbusho makubwa kabisa ya dola ya Kiingereza ikabaki mikononi mwa msichana wa miaka ishirini na mitatu asiye na digrii, ambaye siku nyingine hakuweza kusimama kwa maumivu. Aliifanya. Alipanga viumbe, aliandika, alichora, na kwa mikono yake alitengeneza sanamu za wanyama kwa ajili ya maonyesho.

Hapa ndipo jina lake lilipofika Tanganyika. Mtu mmoja aitwaye Arthur Loveridge, Mwingereza mwingine aliyependa nyoka, alikuwa akifanya kazi Afrika Mashariki katika miaka hiyo, Nairobi kwanza, kisha Tanganyika. Alituma London kobe wa ajabu kutoka sehemu kavu zenye majabali. Wanafunzi waliowahi kwenda Dodoma au Ukambani huenda wakamjua: gamba lake ni bapa kama chapati, na ukilibonyeza linabonyea. Kobe wengine wakiona hatari huingiza kichwa na kutulia. Huyu hukimbia, tena kwa kasi ambayo hutegemei kwa kobe, akajisokota kwenye ufa wa jabali ambako mkono wala mdomo wa mnyama haufiki.

Mwaka 1922 Joan alitoa andiko refu juu ya kobe huyu. Swali lilikuwa: kwa nini gamba lake ni laini? Wengine wangeweza kudhani ni ugonjwa. Yeye alifuatilia mifupa ya gamba tangu kobe akiwa mchanga. Kobe wote huzaliwa na nafasi wazi kati ya mifupa ya gamba, kama utosi wa mtoto mchanga, na nafasi hizo huziba anapokua. Kwa kobe huyu wa majabali nafasi hubaki wazi maisha yake yote, na mfupa wenyewe hubaki mwembamba. Si ulemavu. Ndiyo maumbile yake, na ndiyo yanayomwezesha kuingia kwenye nyufa. Mwaka uliofuata Loveridge alimpa kobe mmoja wa Tanganyika jina la kisayansi la kumheshimu Joan Procter. Baadaye ilionekana kwamba wote walikuwa aina moja tu, iliyokwisha kupewa jina mwaka 1903, kwa hiyo jina la Joan likaondoka kwenye orodha. Mambo ya majina ya wanyama ndivyo yalivyo: aliyetangulia ndiye mwenye haki. Kobe mwenyewe sasa yuko hatarini kabisa kutoweka, kwa sababu watu walimkamata kwa maelfu kumuuza nje kama mnyama wa kufugwa, na majabali yake yanavunjwa.

Mwaka 1923 Bustani ya Wanyama ya London ilimpa Joan kazi ya kusimamia reptilia wake wote. Aliyekuwa na kazi hiyo kabla yake, mtoto wa yule mzee Boulenger, alihamishiwa upande wa samaki, kwani bustani ilikuwa ikijenga jumba kubwa la samaki, na Joan alisaidia kubuni miamba na mandhari ndani ya matangi yake. Hakuna mwanamke aliyekuwa ameshika nafasi hiyo ya reptilia kabla yake. Magazeti yalifurahi. Binti mwembamba, mgonjwa mgonjwa, kati ya chatu na mamba! Picha zake zilisafiri mbali. Lakini ukisoma anachosifiwa na watu waliofanya naye kazi, si ushujaa wa kushika nyoka. Ni kujua kwa nini wanakufa.

Maana walikuwa wakifa. Tukae hapa kidogo, wanafunzi, kwa kuwa hili ndilo jambo kubwa alilofanya. Nyoka, mjusi na kenge hawatengenezi joto mwilini kama sisi. Joto lao hulichukua nje: huota jua, na likizidi huingia kivulini. Mnaweza kuliona kwa mjusi kafiri wa ukutani, au mkiwa likizo nyumbani, kwa kinyonga asubuhi akiwa ameganda kwenye tawi mpaka jua limpate. Chakula chake hakisagiki tumboni bila joto. Maradhi hayamtoki bila joto. Sasa mchukue mnyama huyo umlete London mwezi wa Januari, umweke katika jumba lililopashwa joto lilelile kila pembe, mchana na usiku, chini ya kioo cha kawaida. Hana pa kwenda apate moto, hana pa kwenda apoe. Na jua lenyewe, hata siku linapotoka, linamfikia limepungua, kwa sababu kioo cha kawaida huzuia ile miale isiyoonekana, iitwayo urujuanimno, ambayo mwili huitumia kutengeneza vitamini D. Bila vitamini hiyo mifupa haikomai, na mnyama hupata matege kama mtoto wa mtu.

Sisi tunaoishi nchi hizi tunalielewa vizuri zaidi kuliko wengi. Wazazi wangapi hapa wameshaambiwa na daktari wawape watoto vitamini D, kwa kuwa jua la Uingereza halitoshi kwa ngozi zetu? Katika miaka ya 1920 elimu hiyo ilikuwa mpya hata kwa binadamu. Joan Procter aliichukua akaipeleka kwa nyoka.

Jumba jipya la reptilia lilifunguliwa mwaka 1927. Msanifu wa majengo alikuwa Edward Guy Dawber, lakini mpango wa ndani, yaani namna wanyama watakavyoishi, ulikuwa wa Joan. Kila kizimba kilikuwa na joto lake la umeme, na ndani ya kizimba kimoja palikuwa na mahali pa moto na mahali pa poa, ili mnyama achague mwenyewe. Kioo kilikuwa cha aina mpya, kilichopitisha ile miale ya jua, na palipokosekana jua taa maalumu zilisaidia. Ukumbi wa watazamaji uliachwa na giza giza, mwanga ukawa upande wa wanyama. Hila hii ilitoka kwenye majumba ya samaki: mtu aliye gizani hajioni sura yake kwenye kioo, humwona nyoka tu, na nyoka hasumbuliwi sana na watu. Nyuma ya wanyama kulikuwa na miamba na mandhari zilizofanana na kwao. Leo kila bustani ya wanyama hufanya mambo ya namna hii na hatuoni ajabu. Mwaka 1927 watu walikuja kutazama jumba kama walivyokuja kutazama nyoka.

Tena walikuja kutazama mazimwi, maana mwaka huo huo walifika London kenge wawili kutoka Asia, wakawa wa kwanza wa aina yao kuonekana Ulaya wakiwa hai.

Kenge hawa kwao ni visiwa vichache vidogo vya Indonesia, nchi ambayo siku hizo Wadachi waliitawala: Komodo, Rinca, na sehemu ya Flores. Wenyeji wa huko waliwajua tangu zamani, na kwao si zimwi bali jirani mbaya wa kuchungwa. Huwaita ora, na wengine husema mamba wa nchi kavu. Mwaka 1910 habari za mamba huyu wa nchi kavu zilimfikia ofisa mmoja wa Kidachi, Van Steyn van Hensbroek. Uvumi ulimpa mnyama urefu wa mita sita au saba. Ofisa alikwenda Komodo, akapata mmoja, akapeleka picha na ngozi kwa Peter Ouwens, mkuu wa makumbusho ya wanyama kule Bogor, kisiwa cha Java, na mwaka 1912 Ouwens akamtangaza rasmi. Si mamba. Ni kenge, ndugu wa damu wa kenge wa kwetu wa mtoni, yule ambaye wengine humwita mburukenge. Ila huyu ndiye mkubwa kuliko mijusi wote duniani: dume likikomaa hufika mita tatu hivi, uzito wake kilo sabini na zaidi, na hula nguruwe na paa. Kwetu tunasema katika msafara wa mamba na kenge wamo, tukimaanisha wadogo waliojichomeka kati ya wakubwa. Kisiwani Komodo msemo huo hauna maana, maana kenge ndiye mkubwa wa msafara.

Mwaka 1926 Mmarekani tajiri, W. Douglas Burden, alifunga safari kwenda Komodo, akarudi New York na wengine waliokufa na wawili walio hai. Hao wawili hawakuishi sana. Lakini masimulizi ya Burden ya kisiwa cha mbali chenye mazimwi yalienea, na yalichangia wazo la filamu ya King Kong iliyotoka mwaka 1933. Hivyo hali ya hewa ilivyokuwa wakati wale wawili wa London walipofika: watu walitegemea jitu la kutisha lisiloweza kukaa na mtu, tena litakalokufa baada ya miezi.

Walipewa majina ya visiwa vya jirani na kwao, Sumba na Sumbawa. Joan aliwakaribia bila pupa. Aliwalisha mwenyewe, aliwatazama saa nyingi, aliwajulisha mkono wake na sauti yake. Na hapo tunafika kwenye masikio.

Kiswahili kimemhukumu kenge zamani. Mtoto asiyeonyeka huambiwa ana sikio la kenge, na wazee huongeza kwamba kenge hasikii mpaka aone damu masikioni. Ajabu ni kwamba wasafiri na wawindaji wa Kizungu nao walifikia hukumu hiyo hiyo kule Komodo bila ya kutuuliza. Waliona kwamba ukinong'ona kenge hageuki, ukipiga kelele hageuki, wakasema ni kiziwi. Ni rahisi kuelewa walivyokosea. Kenge mwenye mzoga mbele yake ana shughuli nyingi kuliko kukusikiliza wewe, na mambo mengi ya dunia yake huyajua kwa ulimi. Ule ulimi wake wenye ncha mbili, anaoutoa na kuurudisha, unakusanya harufu hewani, na kwa huo hugundua mzoga ulio umbali wa kilomita kadhaa.

Joan hakubishana na mtu. Alimzoesha kenge wake kula kila anapoita. Kisha akajificha, mnyama asiweze kumwona, akaita kwa sauti tu. Kenge akatoka kuja kula. Ikiwa hakumwona, amejuaje? Amesikia. Jaribio lenyewe ni dogo namna hiyo, halikuhitaji mashine wala fedha, na mtoto wa darasa la nne anaweza kulieleza. Vipimo vya baadaye vimeonyesha kwamba kenge wa Komodo husikia sauti za kati, ingawa nyingi tunazozisikia sisi humpita. Yaani husikia, ila anachagua la kuitikia. Nadhani wazazi wenye vijana nyumbani wanamjua mtu wa namna hiyo.

Tarehe 23 Oktoba 1928 Joan alimpeleka Sumbawa kwenye mkutano wa Jumuiya ya Zoolojia. Fikirini ukumbi wenyewe: maprofesa kwenye viti, na kenge mkubwa kuliko mtu anatembea mbele yao bila kufungwa. Joan alimpa kuku mzima kwa mkono wake, kisha mayai, kisha njiwa. Sumbawa alimeza kimoja baada ya kingine, na wakati huo wote Joan alikuwa akimpapasa na kumkuna. Kisha alieleza alichojifunza. Mnyama huyu si mkali bila sababu. Anawatofautisha watu. Anaweza kumzoea mtu mmoja na kumshuku mwingine. Watunzaji wa leo katika bustani mbalimbali wanasema hivyo hivyo, ila yeye alikuwa karibu wa kwanza kuliandika kwa kenge wa Komodo aliyefugwa.

Tusipake rangi kupita kiasi. Kenge wa Komodo ni mnyama wa kuua. Meno yake yamechongoka kama msumeno, na mtu au mbuzi aking'atwa hutokwa na damu nyingi. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba kinachoua ni uchafu wa mdomo wake, mpaka mwaka 2009 wanasayansi walipoeleza kwamba ana tezi za sumu katika taya la chini, sumu inayozuia damu kuganda na kushusha shinikizo la damu. Joan hakujua habari ya sumu hiyo, lakini meno aliyaona kila siku. Alichokuwa nacho si kutojua hatari. Alijua lini mnyama ana njaa, lini anaumwa, lini hataki kuguswa, na siku asiyotaka hakumgusa. Alikuwa pia ndiye daktari wao. Chatu akiota vidonda vya mdomo, au mamba akiumia, Joan ndiye aliyemshika, akatazama, akakata na kuosha. Huenda mtu aliyelazwa mara nyingi hivyo anajua kuliko wengine namna ya kumshika mgonjwa, lakini hilo ni wazo langu tu, yeye hakuacha maneno juu yake.

Afya yake ilikuwa ikienda chini. Kuna siku alizoweza kutembea bustanini asubuhi, na Sumbawa akawa anatembea pamoja naye kama mbwa, yeye akimwongoza kwa kumgusa mkia kushoto au kulia. Baadaye akawa anazunguka kwa kiti cha magurudumu, na kenge bado kando yake. Watu waliokuja bustanini miaka hiyo waliikumbuka picha hiyo maisha yao yote: mwanamke aliyepauka, kwenye kiti, na mnyama huyo wa mita mbili na ushei akivuta miguu yake ya matege pembeni. Maafisa wa bustani walimwachia afanye kazi kwa namna mwili wake ulivyoruhusu, jambo ambalo si la kawaida hata ofisi za leo, na yeye hakuacha kazi.

Mwaka 1931 Chuo Kikuu cha Chicago kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari. Yule aliyeshindwa kwenda chuo kikuu kwa ugonjwa akawa Daktari Procter. Aliishi na jina hilo kwa muda mfupi sana. Tarehe 20 Septemba mwaka huohuo alifariki London, akiwa na umri wa miaka thelathini na minne. Wenzake walimfanyia sanamu ya marumaru, kichwa na mabega, ikawekwa katika jumba lake la reptilia.

Kenge wa Komodo waliendelea kushangaza watu wa bustani ile. Mwishoni mwa mwaka 2005 jike mmoja wa London aliyeitwa Sungai alitaga mayai yaliyopata watoto bila ya kuwa amekutana na dume kwa zaidi ya miaka miwili. Mwaka uliofuata wanasayansi walitangaza, wakiwa na vipimo vya vinasaba vya Sungai na vya jike mwingine wa bustani ya Chester aliyefanya hivyo hivyo, kwamba kenge jike akikosa dume anaweza kuzaa peke yake, na watoto wote wakawa madume. Hata Joan asingelitegemea hilo, nadhani, ingawa angeuliza maswali mazuri.

Mkienda Regent's Park na watoto, jumba la mwaka 1927 bado limesimama, na limeorodheshwa kati ya majengo yanayolindwa na sheria. Simameni nje, kwenye mlango, kabla ya kuwakimbilia simba. Mawe yanayozunguka mlango yamechongwa wanyama watambaao. Waulizeni watoto majina yao kwa Kiswahili: nani nyoka, nani mjusi, nani kobe, nani mamba. Na asiyejua tofauti ya mjusi na kenge aje darasani Jumamosi, tutamwonyesha kwa picha.